Nukta nne za Bismillahi: ninunue msumeno gani wa nakshi kwa elfu arobaini?

Ami, assalaam alaykum.

Mimi ni kijana wa miaka 33, naishi Kisauni, Mombasa, na mke wangu na mtoto wetu wa miaka miwili. Mchana ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Usiku, mtoto akishalala, nageuka seremala. Nilianza kwa mchezo tu: nilimkatia mama jina lake kwenye kipande cha plaiwudi kwa ule msumeno wa mkono wenye umbo la uta, akalitundika sebuleni. Wageni waliokuja kumjulia hali wakaanza kuuliza limenunuliwa wapi. Sasa kazi zinanifuata nyumbani. Nakata Bismillahi ya kuwekwa juu ya mlango, majina ya maarusi ya kusimamishwa jukwaani, na mwezi uliopita ustadhi wa madrasa ya mtaani ameniuliza kama naweza kumtengenezea marufaa, vile vibao vya kuwekea Msahafu, kumi na mbili yenye nakshi.

Kwa mkono, Bismillahi moja ya sentimita 40 inanila jioni tatu, na vidole vya kulia vimeanza kufa ganzi. Jigso, ule msumeno wa umeme wa kushika mkononi, niliyoazima kwa jirani inachana plaiwudi na haiwezi kuzunguka herufi. Nimeona kwenye video ile mashine yenye meza, msumeno wake mwembamba ukipanda na kushuka wenyewe, nikajua hii ndiyo dawa yangu.

Nimepokea zamu yangu ya chama, shilingi 40,000. Nimetafuta mwezi mzima na nimebaki na njia tatu. Duka moja pale Mwembe Tayari lina mashine mpya ya inchi 16, wati 120, nyekundu, ina taa na kitufe cha spidi, wanataka 19,500. Dalali mmoja wa Mji wa Kale anayo kubwa ya mtumba iliyokuja kwenye kontena kutoka Ulaya, chuma kitupu, nzito, anataka 38,000, lakini anasema hana pa kuiwasha. Na shemeji yangu aliyeko Minneapolis, Marekani, anarudi mwezi wa Desemba na yuko tayari kuniletea DeWalt, ile DW788 ambayo kila mtu kwenye video anaisifu, nimlipe polepole.

Mke wangu hapingi mashine. Anachopinga ni deni, na pia kelele, kwa kuwa tuko ghorofa ya pili na jirani wa chini ana mama mgonjwa. Nichukue ipi, Ami?

Mkata Majina, Kisauni

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta neno moja, sikuliona. Umenitajia wati, umenitajia inchi, hata rangi ya mashine umenitajia. Hukunambia bleidi yake hushikwa vipi. Kwa kazi unayoifanya wewe, hilo ndilo swali lenyewe.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, msumeno wa nakshi, ambao wauzaji huuita skrolsoo, ni ndugu ya cherehani. Kuna meza bapa, mkono mmoja juu yake na mwingine chini, na kati ya mikono hiyo bleidi nyembamba ya inchi 5 iliyonyooshwa, inapanda na kushuka. Mashine haiendi popote. Ubao ndio unaougeuza kwa vidole, kama fundi wa nguo anavyogeuza kitambaa chini ya sindano. Ndiyo maana mafundi cherehani huijua haraka kuliko sisi maseremala, ambao tumezoea kusukuma kwa bega.

Sasa hiyo bleidi. Ziko za namna mbili. Moja ina kipini cha chuma kilichopita kwenye kila ncha, kama msalaba mdogo. Unakiangika kwenye ndoana, basi. Nyingine haina kitu nchani, ni tupu, nayo hubanwa kwa skrubu kati ya vyuma viwili. Ya pini ni nyepesi kufunga, na muuzaji ataisifu kwa hilo. Lakini nakshi ya ndani huanza na tundu. Unatoboa ubao kwa keekee, unafungua bleidi ncha moja, unaipenyeza tunduni, unaifunga tena, ndipo unakata. Bleidi ya pini haipenyi mpaka tundu likaribie milimita 5. Bleidi tupu ya namba 5, ambayo ndiyo ya kazi za kila siku, hupita kwenye tundu la milimita moja na nusu. Zile za namba ndogo hupita hata kwenye milimita moja.

Chukua Bismillahi yako uitazame. Ina herufi mim tatu, na kila mim ina jicho. He ya jina la Mwenyezi Mungu nayo ina macho yake. Kwenye ubao wa sentimita 40 jicho la mim huenda lisizidi upana wa punje ya hindi. Ukilitoboa kwa milimita 5 hujalikata, umelimaliza. Halafu kuna nukta nne: moja ya be, moja ya nun, mbili za ye. Nukta ya khati, yaani mwandiko wa Kiarabu wa mapambo, si duara, ni ya pembe nne iliyosimama kwa ncha, na ili kona iwe kona bleidi lazima igeuke papo hapo. Bleidi za pini huwa pana na chaguo lake ni dogo, kwa hiyo kona inatoka imeviringika kama biskuti iliyolowa chai.

Nayajua haya kwa aibu. Msumeno wangu wa kwanza niliuchagua kwa macho. Ulikuwa na taa yenye shingo ndefu, ukawaka dukani, nikalipa. Ulikubali bleidi za pini peke yake. Kazi ya kwanza niliyoitoa ilikuwa jina la msichana wa watu, Maryam, kwa herufi za Kiarabu, na kila mahali nilipoanzia kukata palibaki tundu la duara. Babake alilishika, akaligeuza mbele na nyuma, akaniuliza kwa upole kama mbao hiyo imeliwa na dumuzi. Alilipa, Mungu ambariki, lakini ubao ule sikuwahi kuuona ukutani kwake.

Wati usizihesabu sana. Kwa plaiwudi ya milimita 6 au 9, kati ya wati 90 na 120 mkono wako hautahisi tofauti. Kitufe cha spidi nacho nakipenda, kwa sababu mashine za aina hii huenda kati ya mipigo 400 na 1,600 kwa dakika, na utahitaji ncha zote mbili: polepole kwa mbao ngumu na kona za nukta, mbio kwa mistari mirefu ya plaiwudi. Kuhusu umeme, mke wako asihofu tokeni. Wati 120 ni kama uniti moja kwa saa nane.

Inchi ndizo zinazochanganya watu. Inchi 16 si urefu wa bleidi. Ni nafasi kutoka bleidi hadi nguzo ya nyuma, kiasi cha sentimita 40. Ubao ukizidi hapo bado unakatika, ila hauwezi kuzungushwa mzima, utagonga nguzo. Kwa Bismillahi ya sentimita 40 unaingia kutoka ncha moja hadi katikati, kisha unageuza unaingia kutoka ncha ya pili. Majina ya maarusi ya mita moja unayakata neno kwa neno na kuyaunga kwenye ubao wa nyuma, jambo ambalo nadhani unalifanya tayari. Usilipe pesa za ziada kwa ajili ya inchi 20 mwaka huu.

Tuje kwa njia zako tatu, na nianze na ya shemeji kwa kuwa ndiyo inayokutoa udenda. DW788 ni msumeno mzuri, hilo sibishi. Mikono yake imeungwa kwa namna inayopunguza mtetemo, nafasi yake ni inchi 20, inaenda kati ya mipigo 400 na 1,750, na inapokea bleidi tupu. Ila ina uzito wa kilo 25 na ushei. Begi la ndege kwa abiria wa kawaida ni kilo 23. Shemeji ataanza kulipia uzito akiwa hajaweka hata shati lake moja. Pili, ile ni mashine ya volti 120, na sisi ukutani tuna 240. Ukiichomeka moja kwa moja itavuta moshi kabla hujakaa kitini. Itabidi ununue transfoma ya kushusha umeme, nayo ina bei na uzito wake. Juu ya hayo, umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde na wetu mara 50, na ziko mota zinazofuata mapigo hayo. Za namna hiyo zikija kwetu huzunguka pungufu kwa moja ya sita hata ukiwa na transfoma. Siku kitu kikiharibika ndani, mwenye kipuri yuko Minneapolis. Ongeza kwamba hilo ndilo deni ambalo mkeo hataki kulisikia. Mwache shemeji aje na mabegi yake. Nitamrudia, maana ana kazi nyingine ya kukufanyia.

Mtumba wa dalali ndio ulionikalisha nikafikiri. Mashine nzito za Ulaya za miaka ya nyuma nazipenda kwa roho yangu yote. Wajerumani kama Hegner walizitengeneza ziishi kuliko wenyewe, na umeme wao wa volti 230 unakubaliana na wetu. Ikiwa na plagi ya ncha mbili za duara unabadilisha plagi tu, na ikitoka Uingereza hata plagi ni ileile. Uzito ni neema pia, kwani chuma kizito hakitetemeki. Ila "sina pa kuiwasha" ni maneno gani hayo, yakhe? Mji wa Kale mzima hauna soketi? Mashine isiyowashwa ni chuma chakavu mpaka ionyeshe vinginevyo. Mwambie unakuja na waya wako wa kurefushia, nyumba ya pili utaomba umeme kwa heshima. Akikataa, umeshajibiwa.

Akikubali, kabla ya kuwasha ushike mkono wa juu uutikise kushoto na kulia. Ukicheza pembeni, beringi zimekwisha, na bleidi itatembea kama mlevi. Angalia vyuma vinavyobana bleidi: vikiwa vimelika na kung'aa kama sarafu ya zamani, bleidi itachomoka katikati ya kazi. Kile kimpira kinachopuliza vumbi kwenye mstari huwa kimepasuka kwa uzee, hicho kisikutishe. Kisha uwashe dakika kumi nzima, usikubali mbili, uweke kiganja kwenye mota. Joto ni sawa. Harufu ya vanishi inayoungua si sawa. Hata ikifuzu yote, 38,000 ni nyingi mno kwako. Utabaki na elfu mbili, na mashine bila bleidi ni meza ya kuwekea kikombe.

Kwa hiyo nakuelekeza Mwembe Tayari, kwa sharti. Mashine nyingi za kiwango kile hufika na bleidi ya pini ikiwa imeshafungwa, lakini ndani ya boksi, kwenye kifuko cha plastiki ambacho muuzaji mwenyewe huenda hajawahi kukifungua, mna vibanio viwili vidogo vya kushikia bleidi tupu. Nyingine hazina. Usikubali kuambiwa "inashika zote". Boksi lifunguliwe, vibanio vitoke, vifungwe, wewe ukitazama. Nyekundu ikiwa na vibanio, ichukue. Isipokuwa navyo, hata kwa elfu kumi iache, urudi kwa dalali ukiwa na 30,000 mkononi na waya wako begani. Mwenye mashine ya kilo nyingi chumbani kwake hupunguza bei mapema kuliko anavyosema.

Zikibaki zile elfu ishirini, usizile. Hapa ndipo shemeji anapoingia. Bleidi tupu za inchi 5 ni za kipimo kimoja karibu kwa kila mashine ya namna hii, na zote za dazeni kadhaa hazizidi uzito wa simu yake. Mwagize Olson za Marekani, au Pégas za Uswisi akizipata: dazeni nne za namba 5, mbili za namba 3, moja ya namba 1 kwa nukta na macho ya mim. Mwambie achague zenye meno machache ya chini yaliyogeuzwa kutazama juu. Hizo hazichani uso wa chini wa plaiwudi, ugonjwa ambao jigso ya jirani ilikuonjesha. Usishangae wingi. Gundi iliyomo ndani ya plaiwudi hula meno, na bleidi moja inaweza kufa kabla ya nusu saa. Ikishaanza kuunguza mbao, itupe. Ukibandika utepe wa plastiki unaopitisha mwanga juu ya mchoro wako kabla ya kukata, mbao itaungua kidogo zaidi na bleidi itadumu. Ni hila ya zamani, na inafanya kazi.

Nikuonye juu ya siku ya kwanza, kwa sababu ndipo wengi wanapoirudisha mashine dukani. Utachora mstari ulionyooka, utasukuma ubao moja kwa moja, na bleidi itakwenda kulia. Utaikaza, itakwenda kulia. Mashine haina kosa. Bleidi nyingi zinapotengenezwa hubaki na ukali zaidi upande mmoja, kwa hiyo zinakata kwa kuvutia huko. Dawa ni kuuelekeza ubao pembeni kidogo unapousukuma, na baada ya wiki mikono itafanya yenyewe bila kukuuliza. Jambo la pili ni mkazo. Bleidi ikiwa legevu inakata tumbo ndani ya ubao: juu mstari sawa, chini umepinda. Ikaze, uiguse kwa kucha kama mpiga udi anavyojaribu uzi. Ikitoa mlio mwembamba ulio safi, anza kazi. Ikinguruma, kaza tena.

Kuhusu jirani wa chini, mashine nyepesi hupiga kelele zaidi kwa mtetemo wake kuliko kwa mota. Ifunge kwa boliti kwenye benchi zito, siyo meza ya chakula, uweke mpira wa tairi ya gari au kipande cha zulia kizee chini ya miguu ya benchi, na benchi lisiguse ukuta. Hata hivyo ningekuwa wewe ningeshuka kwa mama huyo mgonjwa na kitu mkononi, nikamuuliza saa anazolala. Vumbi nalo ni lako wewe kwanza, na mtoto wako. Vaa barakoa inayobana pua, hasa ukikata mvule, ambayo unga wake huwasha ngozi na kifua. Mlango wa chumba ufungwe na papanguswe kwa kitambaa chenye maji, pasifagiliwe.

Na hewa yetu ya bahari, ambayo hakuna video ya Marekani itakayokutajia, italila lile bamba la meza kabla ya Ramadhani. Kila ukimaliza, futa unga wote, kwani unga hunyonya unyevu na kuukalisha kwenye chuma, halafu sugua kwa mshumaa mweupe na kitambaa kikavu. Ubao utateleza vizuri pia. Mafuta ya nazi yaachie nywele, yanatia doa kwenye mbao.

Marufaa kumi na mbili usiyakubali bado. Marufaa ya kweli ni ubao mmoja unaopasuliwa katikati ya unene wake hadi kwenye bawaba, na bawaba hiyo huchongwa humohumo kwa patasi. Msumeno huu utakusaidia kwa nakshi ya kichwa na umbo la miguu tu. Tengeneza moja, la mvule au mkangazi wa inchi moja, ukate taratibu, upime saa zako, ndipo umpe ustadhi bei. Nina hakika utaibadilisha mara mbili.

Jumamosi nenda Mwembe Tayari asubuhi, duka halijajaa. Mfukoni uwe na kipande cha plaiwudi ulichokitoboa tundu la milimita moja na nusu, na sarafu ya shilingi 20. Mashine iwashwe, spidi ya katikati, usimamishe sarafu kwa ubavu wake juu ya meza. Ikisimama hata sekunde chache kabla ya boliti yoyote kufungwa, umepata. Kisha mpe muuzaji kile kipande, umwombe apenyeze bleidi. Akikwambia tundu lako ni dogo, mshukuru, chukua kipande chako, urudi zako Kisauni.

Ami yako wa Karakana